Gitaa kavu dogo la bluzi: FS800 mpya au la freti 12 lililoko Moshi?

KijengeJuu

Wakuu habari zenu. Natafuta gitaa kavu lenye tumbo dogo kwa ajili ya bluzi ya vidole: gumba linashika besi, kidole cha shahada na cha kati vinapiga melodi. Sauti ninayoitaka ni ile kavu ya miaka ya 1930 inayokatika haraka. Nina Yamaha F310, lakini kila nikipiga kwenye E besi inafunika noti za juu. Bajeti ni laki nane, humo humo na nyuzi na fundi.

Yapo mawili mbele yangu. Yamaha FS800 mpya ya kuagiza Dar, na jingine la mtumba liko Moshi, halina jina kichwani, shingo yake inaungana na tumbo kwenye freti ya 12. La Moshi wanataka laki tatu na nusu.

Naomba kujua: freti 12 na 14 zinatofautianaje kwa bluzi? Kwa slaidi (bomba la kuteleza juu ya nyuzi) kwenye tuni za G wazi na D wazi, ambazo nyuzi zikipigwa bila kubonyezwa zinatoa kodi hiyo, lipi linafaa? Na hili la mtumba nilikague vipi kabla sijatoa hela? Mimi niko Arusha, nitashuka Moshi Jumamosi.

FundiMbavu

Mkuu, watu wengi wakisikia 12 na 14 wanafikiria mkono utapanda hadi wapi. Kikubwa zaidi ni daraja linakaa wapi. Chukua magitaa mawili yenye urefu sawa wa uzi. Lile la freti 12, shingo ikiwa imezama ndani ya tumbo, daraja linashuka hadi katikati ya sehemu pana ya uso, mahali ubao unapocheza kwa uhuru. Sauti inakuwa nene, ya mviringo, na besi inazidi ile unayoitegemea kwa tumbo dogo. La freti 14 daraja linapanda kuelekea tundu, ambako ubao ni mgumu zaidi, kwa hiyo noti inatoka kali na kila moja inasikika peke yake. Kampuni ya Martin ilitoa modeli ya OM ya freti 14 mwaka 1929, baada ya mpiga banjo Perry Bechtel kutaka shingo ndefu zaidi nje ya tumbo, na baada ya hapo freti 14 ndizo zikawa za kawaida kwa magitaa ya nyuzi za chuma.

Kwa slaidi jibu ni fupi. Ukiwa kwenye D wazi, okteva iko freti ya 12, na slaidi inatakiwa ikae juu ya chuma chenyewe cha freti, kisha itikisike mbele na nyuma ya pale. Gitaa la freti 12 linakugonganisha kiganja na bega la tumbo mahali hapo hapo. Inawezekana, wapo wanaofanya, ila kwa anayeanza slaidi 14 ni raha zaidi.

Kinachosahaulika ni urefu wa uzi. Pima kutoka mfupa wa kichwani hadi freti ya 12, zidisha mara mbili. OM ni milimita 645, Martin 000 ni 632, Gibson ndogo za zamani zinacheza kwenye 628, FS800 yako ni 634, Gretsch Jim Dandy ni 610, Taylor GS Mini ni 597. Mvutano wa uzi unafuata kipeo cha pili cha urefu huo kama nyuzi na tuni ni zile zile. Seti ya 12–53 (unene wa uzi wa kwanza na wa sita kwa elfu za inchi) inayovuta karibu kilo 74 kwenye 645 inashuka hadi karibu kilo 66 kwenye 610. Kidole kinasikia nafuu, kukunja noti kwenye uzi wa tatu kunakuwa rahisi. Lakini ukishusha kwenda D wazi, uzi wa sita unalegea na kugonga freti. Kwa hiyo mwenye uzi mfupi na mapenzi ya tuni za chini atalazimika kupanda hadi 13–56, na hapo uso wa gitaa uwe na nguvu ya kubeba.

Tahadhari moja kuhusu mtumba: mengi yanayouzwa kama "gitaa dogo la kizungu" ni ya robo tatu, ya nailoni, ya kufundishia watoto. Nyuzi zikifungwa fundo kwenye daraja badala ya kushikwa na vigingi, achana nalo. Mengi ya hayo hayana nondo ndani ya shingo. Ukiweka chuma, nyuzi zinavuta takriban mara mbili ya nailoni, na ndani ya miezi michache daraja linang'oka au shingo inapinda upinde wa mshale.

DadaWaNyuzi_Moshi

Karibu Moshi kaka. Ukaguzi unachukua dakika kumi na tano. Njoo na rula ya chuma ya sentimita 60, karatasi ya kawaida, kadi nne za benki zisizo na namba za kuvimba, na simu yenye programu ya kutuni.

Kwanza tuni gitaa hadi E kamili. Muuzaji akisema liache lilivyo, jiulize kwa nini. Gitaa lililolegezwa halionyeshi ugonjwa. Likae dakika tano likiwa limekazwa.

Laza rula katikati ya shingo juu ya freti, isukume hadi ifike darajani. Ncha yake inatakiwa ipite sawasawa na uso wa juu wa ubao wa daraja, au juu yake kidogo sana. Ikigonga ubao wa daraja ubavuni, milimita mbili chini ya ukingo, pembe ya shingo imekufa. Hilo halirekebishwi na nondo. Dawa yake ni kung'oa shingo kwa mvuke, kuchonga kisigino na kuibandika upya, na kwa gitaa la bei hii gharama ya kazi hiyo italizidi gitaa lenyewe.

Pili, urefu wa nyuzi kwenye freti ya 12. Kadi moja ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo tatu zikibanwa pamoja ni kama 2.3. Ziingize kati ya freti ya 12 na uzi wa sita. Zikigusa uzi bila kuunyanyua, uko pazuri kwa vidole. Kadi nne zikipita bila kugusa, uzi umevuka milimita 3, ni juu mno isipokuwa unataka slaidi tupu. Hapo angalia mfupa wa daraja umechomoza kiasi gani. Kushusha uzi nusu milimita kwenye freti ya 12 unaondoa milimita nzima kwenye mfupa. Mfupa uliochomoza milimita 4 unakupa nafasi. Uliobaki milimita moja maana yake kuna mtu alishausaga mpaka mwisho, na shida iko kwenye pembe ya shingo.

Tatu, karatasi. Ipitishe kwa nyuma chini ya daraja. Ikiingia zaidi ya milimita moja au mbili, gundi imeachia. Mgongo wa uso, ule uvimbe mdogo nyuma ya daraja, si kasoro kwa gitaa la chuma. Kasoro ni pale daraja linapoinama mbele na ubao ulio kati yake na tundu kuzama kama sahani.

Nne, bonyeza uzi kwenye freti ya 3, angalia freti ya 1. Unene wa karatasi tu unatakiwa ubaki kati ya uzi na chuma. Ukibaki mwanya mkubwa, kila kodi ya E itatoka na sol kres (G#) iliyopanda, na utazunguka na mashine za kutuni siku nzima bila kupata.

Mwisho tuni yenyewe: piga hamoniki ya freti ya 12 (gusa uzi juu ya freti bila kuubonyeza), halafu bonyeza freti ya 12 hiyo hiyo. Zikitofautiana hadi senti 5 kwenye programu ya kutuni (senti 100 ni nusu toni), sawa. Zikipishana 15 kwenye nyuzi kadhaa, daraja limebandikwa mahali pasipo pake. Kwa magitaa madogo ya viwanda vya bei ya chini hili ni ugonjwa wa kawaida.

Ndani ya tundu ingiza simu upige picha mbavu za uso, vile vijiti vinavyouimarisha kwa ndani. Zikivuka kwa upana kama ngazi, ndilo umbo la magitaa ya Stella yaliyotengenezwa na Oscar Schmidt kule Jersey City. Noti inalipuka na kufa haraka, ndiyo sauti unayoisaka. Zikikutana kwa umbo la X, uso ni imara zaidi na noti inadumu kidogo.

Sakina_Bonde

Naomba nipinge kidogo wazo kwamba tumbo dogo ndiyo bluzi. Reverend Gary Davis alipiga Gibson J-200, gitaa lenye upana wa sentimita 43 sehemu ya chini. Lightnin' Hopkins alikuwa na Gibson J-50 ya mabega yanayoteremka. Son House na Bukka White walitumia magitaa ya National yenye tumbo la chuma. Robert Johnson yuko kwenye picha ya studio ameshika Gibson L-1 ndogo, lakini picha si ushahidi wa gitaa lililorekodi San Antonio 1936 au Dallas 1937. Wengi wa enzi hizo walishika lililopatikana kwa bei nafuu.

Kabla hujatoa laki nane, fanya jaribio kwenye F310 yako. Kata sponji ya kuoshea vyombo unene wa sentimita moja, ipitishe chini ya nyuzi tatu za besi jirani kabisa na daraja. Piga E kwa gumba likipokezana uzi wa sita na wa nne. Besi ikitulia na melodi ikajitokeza, tatizo lako nusu yake liko kwenye kiganja. Ukingo wa kiganja cha kulia, upande wa kidole kidogo, ulale juu ya mfupa wa daraja. Ukisogea milimita tano mbele noti inakufa kabisa na kuwa kishindo, ukirudi nyuma inafunguka. Bluzi ya Delta (ya Mississippi) mara nyingi inahitaji uzi mmoja wa besi uliozibwa hivyo, unapigwa kila pigo bila kubadilika. Ile ya Piedmont (kusini-mashariki mwa Marekani) gumba linaruka kati ya nyuzi mbili au tatu. Anayeijua mirindimo ya Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Kongo, atapata haraka, kwa sababu yeye naye aliendesha besi kwa gumba na melodi kwa kidole cha shahada, kama alivyofanya Gary Davis.

Sisemi usinunue dogo. Tumbo jembamba linakaa vizuri mwilini, bega la kulia halinyanyuki, na hewa ya ndani ikiwa ndogo besi haivumi. Ila ujue unanunua nini.

FundiMbavu

Sakina yuko sahihi kuhusu kiganja. Naongeza tu kwamba F310 uso wake ni wa tabaka zilizobandikwa, FS800 ni ubao mzima wa sprusi. Ubao mzima unaitika hata ukigusa kwa upole, na bluzi ya vidole inaishi kwenye tofauti ya kugusa na kugonga. Kutambua: tazama ukingo wa tundu. Mistari ya mti ikishuka kutoka juu hadi chini ya unene bila kukatika, ni mzima. Ukiona mstari wa katikati kama mkate wenye siagi, ni tabaka.

KijengeJuu

Nashukuru sana wote. Sponji imesaidia kweli, ila bado noti za juu zinahitaji nguvu nyingi kutoka. Nimeshuka Moshi, vipimo vya lile gitaa ni hivi:

Mfupa wa kichwani hadi freti ya 12: milimita 305. Upana wa shingo kichwani: 47. Uzi wa sita kwenye freti ya 12: kadi nne zinapita, pengine 3.5. Mfupa wa daraja umechomoza karibu milimita 1.5. Rula imegonga daraja milimita moja chini ya ukingo. Karatasi haikuingia. Mbavu ni za ngazi. Sijaona tundu la alenki la kurekebishia nondo popote, si kichwani wala ndani. Nyuzi zilizopo ni za gitaa la umeme. Sauti yake, wakuu, ni ile ile niliyokuwa naitafuta. Bei wameshusha hadi laki mbili na tisini.

DadaWaNyuzi_Moshi

Kaka, sauti umeipata, mwili umechoka. Hesabu yake: urefu wa uzi 610, uzi wa sita 3.5. Ukitaka 2.3 unatakiwa uondoe karibu milimita 2.4 kwenye mfupa uliochomoza 1.5. Haipo. Kuna mafundi watakaokwambia wapunguze ubao wa daraja kwa randa. Hilo linakupa milimita moja na kulifanya daraja kuwa jembamba hadi lipasuke kwenye mstari wa vigingi. Kukosa nondo maana yake mkunjo wa shingo hauwezi kuurekebisha. Ulivyo ndivyo utakavyobaki, au utaongezeka.

Lina kazi mbili tu linazoweza. Moja ni slaidi, ambako 3.5 si tatizo, 47 inapendeza, na unakaa chini ya freti ya 10. Nyingine ni kulituni toni nzima chini, D hadi D, kwa seti ya 11–52. Kushuka toni nzima kunapunguza mvutano kwa karibu asilimia 21, na nyuzi zikilegea hata 3.5 inapigika kwenye freti tano za mwanzo. Kama unalitaka kama gitaa la pili, laki mbili na nusu isizidi. Kama ndilo la pekee, hapana. Na usilitunie E wazi hata mara moja. Tumia D wazi na kapo (kibano cha nyuzi) freti ya 2, sauti inafika pale pale bila kuuvuta uso.

Sakina_Bonde

Upana wa 47 una jambo jingine. Bluzi nyingi gumba la kushoto linazunguka shingo kubonyeza uzi wa sita, hasa kodi ya F na D yenye fa kres (F#) chini. Kwenye shingo ya 47 iliyo nene, gumba halifiki. FS800 ina 43, gumba linafika vizuri. Kama vidole vyako ni vinene sana utatamani 44.5, lakini hiyo mara nyingi utaipata kwenye bei za juu zaidi. Kwa laki nane, kura yangu ni FS800.

KijengeJuu

Basi FS800. La Moshi nimeliacha kwa moyo mzito. Nikilipokea nifanye nini ili lisogee karibu na ile sauti kavu? Na hali ya hewa ya Arusha?

FundiMbavu

Fuata mpangilio huu, kwa sababu kila hatua inabadilisha inayofuata.

Nyuzi kwanza. Usikubali kuuziwa seti ya gitaa la umeme. Uzi wake wa tatu ni mtupu, kama .018 au .020, kwenye gitaa kavu unapiga kelele kuliko wenzake na tuni yake haikai. Seti ya gitaa kavu ina uzi wa tatu uliosokotwa, karibu .024. Ukipata za moneli au nikeli zilizotengenezwa kwa ajili ya gitaa kavu, chukua hizo. Hazina ule mng'ao wa bronzi mpya. Ukikosa, bronzi 12–53 ukizipiga wiki mbili zinatulia zenyewe.

Pili shingo. Bonyeza uzi wa sita freti ya 1 na ya 14 kwa wakati mmoja, pima mwanya juu ya freti ya 7 kwa fila geji ile ya mafundi magari ya kupimia valvu. Unataka 0.15 hadi 0.25. Ukiwa mkubwa, alenki robo mzunguko kwa kulia, subiri saa moja, pima tena. Nondo ikikataa, usiilazimishe.

Ndipo uguse mfupa wa daraja, na hapa ndipo pa kutumia hela kidogo kupata mabadiliko makubwa. Unaotoka nao kiwandani ni plastiki. Nenda buchani, omba mfupa wa paja la ng'ombe, sehemu ya katikati iliyonyooka. Toa uboho wote, chemsha polepole saa mbili na sabuni ya unga kidogo, badilisha maji, rudia hadi mafuta yasionekane juu. Uache kivulini wiki mbili. Ukiukata mapema utakauka ukiwa darajani na kujikunja. Kata kwa msumeno wa chuma, vaa barakoa maana vumbi lake si la kuvuta, kisha uusugue juu ya msasa namba 120 uliobandikwa kwenye kioo. Mfupa uingie kwenye mfereji kwa kidole na kusimama bila kuegemea mbele. Chini yake pawe bapa kabisa. Pakiwa na mbonyeo hata mdogo, uzi mmoja utasikika umefifia na hutajua sababu. Nakili mteremko wa juu kutoka ule wa plastiki, na ule wa plastiki utunze.

Lenga 2.3 uzi wa sita na 1.8 uzi wa kwanza. Ukitaka slaidi pia, tengeneza mfupa wa pili wenye milimita moja na nusu zaidi, uwe unabadilisha. Slaidi yenyewe ni bomba la shaba la inchi robo tatu la mafundi friji, urefu wa milimita 55, kingo zisuguliwe hadi ziwe laini. Livae kidole kidogo, na vidole vingine viburute nyuma yake kuziba mlio usiotakiwa.

DadaWaNyuzi_Moshi

Kuhusu hewa: gitaa linataka unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Januari na Februari ubao unakauka, uso unashuka, nyuzi zinaanza kugonga freti, na ukipitisha kidole pembeni ya shingo unasikia ncha za freti zikikwaruza. Masika uso unavimba, nyuzi zinapanda. Usikimbilie kusaga mfupa mwezi Aprili; ukifika ukame utakuwa umeusaga kupita kiasi. Nunua kipima unyevu kidogo, kikae ndani ya boksi la gitaa. Kiangazi weka kisanduku cha sabuni chenye matundu na sponji iliyokamuliwa isidondoke, karibu na kisigino cha shingo. Usiliegemeze kwenye ukuta unaopigwa jua la mchana wala chini ya bati lisilo na dari.

Likitoka Dar kwa basi, mwambie anayelituma alegeze kila uzi mzunguko mmoja, ajaze nguo laini chini ya kichwa ndani ya boksi, na lisilale kwenye buti juu ya injini. Likifika usilifungue hapo hapo stendi. Liache ndani ya boksi hadi kesho yake, kisha ndipo ulituni na kupima mwanya wa shingo.